Mukankusi Afungua Maji Akiwa Kanisani

Inspekta Védaste Niyonsenga hakuwa mtu wa kuogopa kesi, ila hii aliikuta imekwisha kuamuliwa kabla hajavua kofia. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya ushirika wa mpunga, Bugarama, shati limemganda mgongoni kwa joto, na hata kiti hakijaletwa akawa ameambiwa jina la mkosaji, kosa lake na adhabu yake.

"Ni Mukankusi," alisema Mzee Saidi Kubwimana, mwenyekiti wa ushirika. "Mulinzi wa maji. Anafunguaka mulango wa mufereji ovyo ovyo. Maji imebeba miche ya bamaman, kitalu kizima. Leo kisha sala ya alasiri tuko na assemblée, mukutano mukubwa, tutamufukuza. Weye, Afande, tunakuomba tu utuandikie kama ni yeye."

"Na kama haiko yeye?"

Mzee Kubwimana alimtazama kwa huruma. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mpenda maendeleo kuliko alivyopenda chakula, na yeyote aliyewahi kumwona mezani atajua hilo si neno dogo. Ni yeye aliyeuhimiza ushirika ufunge mota kwenye mlango wa mfereji mkuu na kuweka kompyuta ndogo stoo, ili maji yafunguliwe na kufungwa kwa simu.

"Afande, zamani tungebishana," alisema. "Sasa tuko na système. Mashini haina shemeji, haina jirani. Inaandika yenyewe nani amefungua."

Alitoa simu mfukoni. Ilikuwa imezimwa, maana Mzee alikuwa akiichunga betri yake kwa wivu. Akaiwasha, akasubiri, akapuliza vumbi lililokuwa juu ya kioo, kisha akamgeuzia Inspekta. Ukurasa mweupe, maneno machache: *Mlango umefunguliwa. Mtumiaji: mukankusi.*

"Unaona? Kila mara nikifungua hii simu, ni jina yake. Kila mara! Uyu mama hana ata haya."

"Umeonyesha bantu bengine?"

"Ah! Nimeonyesha bageni ba Kigali, nimeonyesha ba Burundi, nimeonyesha ata ba Bukavu. Bote banashangaa vile tuko mbele." Uso wake ulikuwa na furaha ya mwenye mtambo na huzuni ya mwenye kusalitiwa, vyote kwa pamoja, na Inspekta hakujua ampe pole au pongezi.

"Banasema dimanche maji ilifunguka saa ya misa. Yeye alikuwa wapi?"

"Mu misa. Anaimbaka mu chorale."

"Muko na bashahidi?"

"Kanisa nzima ilimuona. Njo pale utaona hatari yake, Afande. Anaimba apa, anafungua maji kule."

Inspekta alikunywa Fanta aliyoletewa, akaaga, akazima simu yake mwenyewe bila kujua ni kwa nini.

Hakuwa amefika mbali. Kwenye tuta linalopita kando ya mfereji alisikia chuma kikiguna, na alipokunja kona akamwona mwanamke wa makamo, kitenge amekikunja hadi magotini, akizungusha gurudumu la chuma kwa mikono miwili na kulitukana kwa Kinyarwanda safi. Maji yalikuwa yanapita chini yake kwa kishindo, yakipungua kidogo kidogo.

"Maman Mukankusi?"

"Kama umekuya kunipeleka, ngoya kwanza maji isimame."

Inspekta alivua viatu akashika upande wa pili wa gurudumu. Lilipogota mwisho, wote wawili walikaa chini wakihema.

"Nani amefungua?"

"Eti mimi."

"Ulifungua?"

"Nilikuwa napalilia bitunguu yangu juu ya barabara. Nikasikia mota inalia, nikakimbia. Njo kazi yangu sasa. Mashini inafungua, mimi nafunga, kisha banaandika ni mimi nilifungua."

"Simu yako iko wapi?"

Akaitoa kifuani: simu ya tochi, imefungwa kwa mpira wa ndala ili betri isidondoke.

"Mot de passe yako ya système nani anaijua?"

"Mot de passe ni nini?"

Inspekta alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wavushaji magendo wa pale daraja la Rusizi ya Pili na mganga mmoja aliyedai kuwa amekufa. Wote walikuwa na jibu. Huyu aliuliza kwa uso wa mtu anayetaka kweli kuelimishwa, naye akaliacha swali la neno la siri.

Kazi ya Mukankusi ilikuwa na historia yake. Zamani watu wa bonde waligombania maji hadi majembe yakatumika kwa kazi isiyo ya majembe. Mwishowe mkutano mkuu ukapitisha azimio moja lililoheshimiwa hata na walevi: mlango mkuu haufunguliwi na mtu yeyote isipokuwa Mukankusi. Walimchagua yeye kwa sababu kwao ni Gitambi, juu mlimani, na chini huku hakuwa na hata tuta moja la mpunga. Hakuwa na shamba la kulipendelea. Padri aliwahi kumwomba maji ya bustani, sheikh akaomba ya ukarabati wa msikiti, na wote wawili walirudi kwao na ndoo tupu.

"Afande," alisema Mukankusi, akikamua pindo la kitenge, "mi sina bwana, sina shamba uku chini. Hii mulango njo heshima yangu. Bale bamaman ya kitalu tunaimbaka pamoja. Sasa nikipita banageuza uso. Banifukuze, sawa. Lakini nifukuzwe kwa kintu nilifanya."

Hilo lilimuuma Inspekta kuliko alivyopenda. Akavaa viatu.

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja: ukitaka kumjua mwizi wa maji, yafuate maji. Aliyafuata. Yalikuwa yameingia moja kwa moja kwenye shamba la kwanza chini ya mlango, ambako mpunga ulikuwa mbichi na mnene kupita wa majirani wote. Mwenye shamba, mtu mwembamba aitwaye Nzabonimana, alikuwa amechuchumaa na jembe pajani. Mifereji yake midogo ilikuwa imezibuliwa vizuri, tope la kingo bado bichi.

Inspekta alihisi ule mwasho wa kupendeza unaompata mpelelezi anapoona kesi inakaribia kwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Umezibua saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kabla ya maji kufunguliwa?"

"Kabla."

"Basi ulijua maji itakuya."

"Nilijua."

Inspekta akagusa pingu kiunoni. "Nani alikuambia?"

"Weye."

"Mimi?"

"Nilikuona unapita na pikipiki. Nikasema, uyu ana kofia ya kazi, ni mugeni wa maana, anaenda kwa président. Leo maji itakuya." Nzabonimana alisimama, akajifuta mikono. "Afande, mi siko mwizi. Nimeangalia tu. Kila mara président anapata bageni, maji inafunguka. Bakikuya na gari moja, nazibua mufereji moja. Dimanche balikuya na gari mbili, kwa hiyo nikazibua mbili."

"Na haukumwambia muntu?"

"Maji inakuya yenyewe kwangu, mimi niende kuishitaki?"

Lilikuwa jibu la aibu, lakini lilikuwa jibu. Inspekta alisimama juani akalipima. Alikuwa na mwenyekiti muda wote ule ofisini. Mzee hakuinuka, hakutuma mtu, hakufungua kitu chochote ila simu. Pingu zilirudi mahali pake, na yeye akageuza njia kuelekea stoo ya ushirika.

Kati ya magunia ya mbolea, juu ya meza yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa tofali, kompyuta ndogo ilikuwa inavuma. Mbele yake alikaa Umuhire, fundi aliyeutengeneza mtambo huo. Alikuwa binti wa watu waliorudi kutoka Bukavu, hodari na mwepesi wa maneno, na jambo lililomkera zaidi duniani lilikuwa mtu kuiita kazi yake "mashini".

"Ni serveur, Afande."

"Sawa. Nataka kuiuliza maswali."

Umuhire alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Inspekta alikuwa amevuta gunia, amelikalia, ameikabili kompyuta uso kwa uso.

"Iulize: ule ukurasa wa ku simu ukifanya kazi, unafanya kazi na jina ya nani?"

"Iko amri ya ile." Umuhire akaandika neno fupi. Kioo kikajibu: *www-data*.

"Uyu haiko muntu wa uku."

"Haiko muntu. Ni jina ya mutumishi wa page. Kila kintu ile page inafanya, inafanya na ile jina. Lakini hana nguvu. Haruhusiwi kugusa mulango."

"Mwambie aguse."

Umuhire akaamuru mlango ufunguliwe kwa jina lile. Serveur ikakataa papo hapo: *hairuhusiwi*.

"Vizuri. Sasa muntu akibonyeza 'Fungua' ku simu, mulango inafungukaje?"

"Mwenye ruhusa mu serveur ni mumoja tu, mukankusi. Donc nimeandika mu script, ile maagizo ya serveur: muntu akibonyeza, ile amri itekelezwe kama Mukankusi. Serveur haiombi yeye mot de passe, maana nimeiruhusu kwa ile amri moja tu."

"Muntu gani akibonyeza?"

"Muntu yote."

"Ata mimi?"

"Ata weye. Ata kuku ikikanyaga simu."

"Rudia ile swali ya kwanza, lakini upitie ile njia ya script."

Vidole vya Umuhire vilicheza. Kioo kikajibu: *mukankusi*.

Inspekta aliegemea nyuma, gunia likalia. Katika miaka yake yote ya kazi, mshukiwa aliyempa majina mawili kwa dakika moja alilala ndani. Na huyu hata jasho halikumtoka.

"Umuhire, kwa nini ulifanya vile?"

"Niliheshimu assemblée!" Alikasirika kweli. "Balisema mulango haifunguliwi na muntu ingine, ila Mukankusi peke yake. Balipiga kura. Mimi ni nani nivunje kura ya bantu? Kisha président akataka bote ba comité bafungue na simu. Ningefanya nini? Nimepanga kila muntu akifungua, afungue kama Mukankusi. Azimio imebakia nzima."

Kulikuwa na unyofu fulani katika jambo hilo. Bonde zima lilikubaliana kwamba mtu mmoja tu aguse maji, basi fundi akawageuza wote kuwa mtu huyo mmoja. Kila aliyebonyeza alivaa koti la Mukankusi bila kujua, na mtambo uliandika koti bila kuangalia aliye ndani.

"Na mot de passe ya kuingia ku page?"

"Ilikuwako. Président alikuwa anaisahau mbele ya bageni, anasikia haya. Akaniambia niitoe."

"Leo mulango imefunguliwa saa ngapi?"

Alimwonyesha. Ilikuwa ile saa Inspekta alipokuwa akionyeshwa simu ofisini.

"Mzee hakubonyeza kintu," alisema Inspekta pole pole. "Nilikuwa namuangalia. Aliwasha simu tu."

Umuhire akageukia kioo, akarudi kwa Inspekta.

"Ile 'Fungua' ni lien tu, kiungo, Afande. Anwani yake njo amri yenyewe. Kama alibonyeza mara moja na akaacha page pale, kila akizima simu na kuiwasha, simu inaiomba ile page upya. Serveur inaona kama amebonyeza tena." Akaweka mikono kichwani. "Na ile page inasema 'Mlango umefunguliwa'. Yeye anafikiri anasoma habari ya zamani."

"Kumbe anaandika mpya."

"Ngoya nirekebishe. Dakika kidogo tu."

"Usiguse." Inspekta alisimama. "Ukirekebisha sasa, utarekebisha mashini. Jina ya ule mama itabakia na matope mu bichwa ya bantu. Weye uko Umuhire mumoja, bonde iko na midomo mingi. Ukuye ku assemblée."

Kabla ya mkutano alipita tena kwa Nzabonimana, akamwagiza azibe mkondo wa kitalu kwa magunia ya mchanga na maji yote yatakayokuja ayapokee kwenye shamba lake. Nzabonimana hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliuliza tu kama ni gari ngapi.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, kando kabisa ya mlango mkuu, kofia za sala upande mmoja na vilemba vya wanawake wa kitalu upande mwingine. Mukankusi alisimamishwa mbele. Alikuwa amevaa kitenge kikavu, kizuri, cha misa, na hilo lilimhuzunisha Inspekta, maana mtu havai hivyo akitegemea kushinda.

"Maman," alimwambia, "nishikilie kofia. Na mikono miwili."

Akaishika. Mzee Kubwimana akasimama, akakohoa, akazungumzia maendeleo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema hana chuki na mama huyu, anampenda kama dada, lakini ushahidi ni ushahidi.

"Na ushahidi iko apa," akasema, akaiinua simu juu ili hata walio nyuma waione, akaiwasha.

Wimbo mdogo wa simu ukalia. Halafu, nyuma ya mgongo wa mwenyekiti, mota ikaguna.

Mlango mkuu ukapanda wenyewe mbele ya macho ya wote, na maji yakaingia mferejini kwa kishindo. Mzee hakugeuka. Alikuwa anasoma kwa sauti, kidole juu ya kioo: "Mlango umefunguliwa. Mtumiaji: mukankusi. Munasikia? Mukankusi!"

Watu wote walikuwa wanaitazama mikono ya Mukankusi, ambayo ilikuwa imeshika kofia ya polisi.

"Mukankusi," aliuliza mama mmoja wa kitalu, "umefungua na nini?"

Kicheko kilianzia kwenye vilemba, kikavuka hadi kwenye kofia, kikampata hata imamu, ambaye alijifunika uso kwa kanzu. Mzee Kubwimana aligeuka, akayaona maji, akaitazama simu, akayatazama maji tena.

"Zima," alisema Inspekta. "Sasa washa."

Mzee akafanya. Mota, ambayo ilikuwa imefika mwisho, ikajaribu kuupandisha mlango zaidi, ikalalamika, ikanyamaza. *Mtumiaji: mukankusi.*

"Bantu ba Bugarama," Inspekta alisema, "muliamuru afungue Mukankusi peke yake. Serveur imetii. Ata afungue président, ata afungue mimi, inafungua kwa jina ya Mukankusi. Kila mara Mzee anawasha simu kuonyesha bageni, anafungua maji. Dimanche, alikuwa na bageni. Leo asubuhi, mugeni nilikuwa mimi."

Umuhire aliyekuwa pembeni aliinua mkono kama mwanafunzi, akasema ni kweli, na kwamba kosa la script ni lake. Hakuna aliyemsikiliza sana. Wote walikuwa wanamtazama mwenyekiti, aliyekuwa amekaa chini kwenye sakafu, simu mapajani. Kiburi chote kilikuwa kimemtoka, na bila kiburi hicho alionekana babu wa kawaida mwenye joto.

"Basi njo mimi niliua miche ya bamaman," alisema.

"Njo weye."

"Na nilienda kwa bantu kumusema uyu mama. Ku soko. Ku musikiti. Ata Ruhwa ku mupaka nilimusema." Akainuka kwa shida, akageukia upande wa vilemba. "Kitalu yangu iko nzima. Kesho mukuye muchukue miche yote." Kisha akamgeukia Mukankusi, machozi yakimlengalenga. "Maman Mukankusi. Naomba pardon. Mbele ya bantu bote."

Mukankusi alikuwa anayatazama maji.

"Funga kwanza," alisema.

Mzee alishtuka, akabonyeza. Mota ikaguna, mlango ukashuka, kishindo kikafifia mpaka sauti za ndege zikasikika. Inspekta alichungulia juu ya bega la mwenyekiti na kusoma kwa sauti, kwa sababu ilikuwa kazi yake kusoma: "Mlango umefungwa. Mtumiaji: mukankusi."

Hapo ndipo Mukankusi alipocheka. Alicheka akalia, akajifuta macho kwa kofia ya serikali, na wanawake wa kitalu walikuwa tayari wamemzunguka, kila mmoja akitaka kumshika.

"Nitakusamehe, Mzee," alisema alipopata pumzi. "Lakini Umuhire atoe kwanza jina yangu mule mu mashini. Vile iko sasa, ata hii pardon yako, itaandika ni mimi nimejiomba."